Kutoka Tudor hadi Kibokoni: Ilimu Inapotafuta Soko

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko mtaa wa Tudor, ambacho baadhi ya wazee wa Mji wa Kale wangali wakikitaja kwa jina lake la kwanza, MIOME, kilizaliwa kwa mali ya watu mbalimbali: Aga Khan alitoa, Sultani wa Zanzibar akatoa, jamaa wa Kibohora wakatoa, na serikali ya kikoloni nayo ikatia fungu lake, hata wanafunzi wa kwanza wakaingia madarasani mwaka wa 1951. Muradi wa waasisi wale ulikuwa ni kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi wa mashine, wa umeme na wa mambo ya bahari, wapate riziki kwa ilimu ya mikono yao. Mwaka wa 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka wa 2013 kikapata hati ya chuo kikuu kamili, na papo hapo kikarithi swali ambalo vyuo vikuu vyote vinaulizwa zama hizi: vyombo ambavyo wanafunzi hubuni kwa ajili ya mtihani wa mwisho, na utafiti ambao walimu wao huufanya maabarani, huishia wapi baada ya alama kutolewa na makala kuchapishwa?

Aghalabu huishia kabatini. Ili kuviokoa, vyuo vingi vimeanzisha vituo atamizi, yaani mahali ambapo kijana mwenye wazo hupewa meza, intaneti, mashine za kuundia chombo cha kwanza cha majaribio, mhasibu wa kumfundisha kuandika daftari, na mtu mzima aliyekwisha kuonja faida na hasara wa kumkanya. Nairobi havipungui: Chuo Kikuu cha Nairobi kina C4DLab, Strathmore wana iBizAfrica, Kenyatta wana kituo chenye jina la Chandaria; na sheria ya sayansi na ubunifu ya mwaka wa 2013 ikaunda wakala wa taifa wa kushughulikia jambo hilihili. Walakini majengo na sheria havituonyeshi ugumu wa kazi yenyewe, ambao wadhihirika vyema zaidi tukivuka mpaka hadi Kampala.

Pale Makerere alikuwako mwanafunzi wa kompyuta, Brian Gitta, ambaye malaria ilimwandama na sindano za kupimwa damu zikamchosha, hata yeye na wenzake wakabuni chombo walichokiita Matibabu: kibanio kidogo kinachoshika ncha ya kidole, kikapitisha mwanga mwekundu ndani ya ngozi, kikatafuta mabadiliko ambayo vijidudu vya malaria huyaleta katika chembe nyekundu za damu, kisha kikatuma jawabu kwenye simu, pasipo kutoka tone moja la damu. Mwaka wa 2018 walipata Tuzo ya Afrika inayotolewa na wahandisi wa Uingereza, pauni 25,000, na magazeti yakaandika kana kwamba safari imekwisha. Kumbe mtu anayebuni programu ya kuuza samaki aweza kuifungua sokoni juma lijalo, ilhali mwenye chombo cha tiba hana budi kukijaribu kwa wagonjwa, apate idhini ya kamati ya maadili, alinganishe majibu yake na ya darubini, kisha aishawishi mamlaka ya dawa. Na katika miaka hiyo yote hauzi kitu, na kodi ya nyumba yamngoja. Hapo ndipo chuo kikuu humfaa kijana kuliko benki, kwa kuwa kina maabara, kina madaktari, na kina jina ambalo wakuu wa hospitali hulisikiliza. Chuo kinachopiga picha na mshindi siku ya tuzo, kisha kikamnyima ufunguo wa maabara siku ya pili, kimemsaidia mpiga picha tu.

Ugumu wa pili, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko wote, ni umiliki. Sheria ya Kenya ya mali ya viwanda ya mwaka wa 2001 yasema kwamba kilichovumbuliwa na mwajiriwa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya ni haki ya mwajiri, ila mkataba ukisema vingine. Mhadhiri ni mwajiriwa. Mwanafunzi si mwajiriwa bali ni mlipa karo. Na mara nyingi chombo kimoja kimetoka katika vichwa vya wote wawili, kwa mashine za chuo na fedha za mfadhili wa ng'ambo. Maadamu chombo hakina thamani, hakuna anayegombana. Mteja wa kwanza akitokea, kila mmoja hukumbuka alichochangia. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wa Stanford huko Marekani, njia ya kupanga kurasa za intaneti iliyozaa Google iliandikishwa hataza kwa jina la chuo, nao wakapewa leseni ya kuitumia, na chuo kikapokea hisa ambazo hatimaye kiliziuza kwa dola milioni 336. Kilichowaepusha na fitina ni karatasi iliyoandikwa mapema, kabla ya utajiri.

Watu wa Kibokoni, huko Mji wa Kale, hawana haja ya kwenda Marekani kulifahamu hilo, kwani mudharaba wanaijua: huyu atoa mali, yule atoa kazi, faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana tangu mwanzo, na hasara ikija pasipo uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Ghairi ya majina ya kigeni, mapatano ya mwekezaji na kampuni changa hayako mbali na hayo. Tena mlango uko karibu: Swahilipot Hub, iliyoanzishwa mwaka wa 2016 karibu na Fort Jesus, hatua chache kutoka mitaa ya Kibokoni, hukusanya vijana wa kompyuta na wa sanaa chini ya paa moja, wakiwamo wanafunzi na wahitimu wa vyuo vya Pwani. Wasiokaribishwa vya kutosha, naona, ni wafanyabiashara wa jirani, ambao huweka akiba yao katika nyumba za kupangisha na shehena za mchele, kwa sababu hakuna aliyewaendea barazani na daftari la hesabu mkononi, akawaeleza chombo chake chatatua shida ya nani, kinahitaji kiasi gani, na fungu lao litakuwa lipi.