Rangi ya Bahari na Shahidi Wake

Rangi ya bahari si moja mahali pote. Penye maji safi ya kilindi huwa buluu; penye wingi wa mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho matupu, huelekea kijani. Mimea hiyo huliwa na viumbe vidogo, viumbe hivyo huliwa na samaki, na samaki huliwa na watu. Basi aijuaye rangi ya bahari aweza kukisia chakula kilichomo ndani yake.

Tangu mwaka 1978 wataalamu wameipima rangi hiyo kwa setilaiti, yaani vyombo virushwavyo juu sana, vizungukavyo dunia. Setilaiti huitazama bahari kubwa kwa siku chache. Merikebu ingehitaji miaka mingi. Lakini je, yaona sawasawa? Kati yake na maji kuna hewa, na hewa nayo hung'aa kwa nuru ya jua. Tuseme nuru ifikayo kwenye setilaiti ni mafungu 100: kadiri ya 90 yametoka hewani, na 10 tu yametoka majini. Wataalamu huyaondoa yale 90 kwa hesabu. Wakikosa fungu 1 tu, kosa hilo ni sehemu ya kumi ya nuru yote ya bahari. Hapo penye njaa watadhani pana shibe.

Kwa hiyo hutakiwa shahidi aliye baharini. Karibu na kisiwa cha Lanai, katika Hawaii, boya la kupimia nuru limetiwa nanga tangu mwaka 1997. Mahali hapo maji ni maangavu na hewa ni safi. Boya lina mikono mitatu chini ya maji, kwenye kina cha meta 1, 5 na 9, ipokeayo nuru. Setilaiti ipitapo, boya nalo hupima. Kisha vipimo viwili hulinganishwa, na hesabu ya setilaiti husahihishwa.

Na shahidi huyo, nani amchunguzaye? Mwani na wadudu wa baharini hugandamana na kila kikaacho majini. Basi wazamiaji hushuka kulisafisha boya. Kila baada ya miezi michache hutolewa, likawekwa lingine mahali pake. Kabla ya kwenda baharini na baada ya kurudi, hupimwa kwa taa ambazo nguvu zake zajulikana.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kipimo kitokacho juu angani huaminiwa kwa sababu wako watu waliokubali kulowa maji.