Timu ya Ihefu: ilivyopanda, ilivyoifunga Yanga, ilivyohama

Ukitoka Mbeya mjini kwa barabara kuu ya kwenda Iringa, utapita Uyole, Igurusi na Chimala. Mbele yake unaiacha barabara kuu na kuingia Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali. Endelea tena kidogo, utafika Ubaruku. Hapo ni mpunga kila upande. Na katikati ya nchi hiyo ya mpunga kuna uwanja wa mpira. Unaitwa Highland Estates, jina la mashamba makubwa ya mpunga ya hapo.

Tarehe 29 Novemba 2022, Yanga ya Dar es Salaam ilikuja kucheza katika uwanja huo. Yanga hiyo ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa hata moja. Hesabu hiyo ilianza mwaka 2021. Wenyeji wao walikuwa Ihefu, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. Yanga wakapata goli mapema, mfungaji Yannick Bangala. Watu wengi wakadhani kazi imekwisha. Kumbe bado. Never Tigere, mchezaji kutoka Zimbabwe, akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga la pili. Ihefu 2, Yanga 1. Rekodi ya mechi 49 ikavunjikia Ubaruku!

Leo ukiitafuta timu ya Ihefu katika Ligi Kuu, huioni. Haikushuka daraja. Haikufutwa. Ilihama, ikabadili na jina. Je, timu inahamaje? Hilo ndilo tunataka kulieleza leo, kwa maana linazihusu timu zote za mikoa yetu ya Mbeya na Iringa.

Kwanza, jina lenyewe. Ihefu ni lile bonde lenye maji la Usangu, lenye majani marefu na ndege wengi. Maji yake huingia Mto Ruaha Mkuu, yakaenda hadi bwawa la Mtera na lile la Kidatu, yanakotoa umeme. Kwa hiyo timu hii ilibeba jina la maji ya nyumbani. Jina la namna hiyo mtu wa Mwanza au wa Tanga hawezi kulidai kuwa lake.

Ihefu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Haikupanda kwa njia nyepesi. Ilibidi icheze mechi za mchujo na Mbao ya Mwanza, yaani mechi mbili za kuamua nani akae juu na nani akae chini. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ilikuwa Septemba 2020, katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, na mgeni alikuwa Simba. Ihefu wakafungwa 2 kwa 1. Mwaka 2021 wakashuka. Mwaka 2022 wakapanda tena, safari hii wakiwa wa kwanza katika daraja la chini. Baada ya miezi michache ndipo wakaifunga Yanga. Na msisahau, Oktoba 2023 Yanga walirudi Ubaruku, wakafungwa tena 2 kwa 1. Mara ya kwanza watu walisema ni bahati. Mara ya pili je?

Basi, mwanzoni mwa mwaka 2024, ligi ikiwa katikati, Ihefu ikahamia Singida. Mechi zake za nyumbani ikawa inachezea Uwanja wa Liti, mkoa mwingine kabisa, mbali na Mbarali. Msimu ulipokwisha jina nalo likabadilishwa. Ikawa Singida Black Stars. Katika ligi ya 2024/25 timu hiyo ilishika nafasi ya nne, ikapata nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika. Watu wa Singida walifurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini mkulima wa Ubaruku aliyekuwa akitoka shambani jioni kwenda kuangalia mazoezi, hakupata kitu.

Sasa tuingie katika hesabu, maana hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo. Timu ya Ligi Kuu ni timu ya kulipwa. Mchezaji analipwa mshahara kila mwezi, kama mwalimu au dereva. Tuchukue mfano tu. Timu ina wachezaji 25, na kila mmoja anapata shilingi 600,000 kwa mwezi. 25 mara 600,000 ni shilingi 15,000,000. Hizo ni za mwezi mmoja, na hatujamtaja kocha, daktari wala mpishi.

Ongeza safari. Ligi yenye timu 16 ina mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za ugenini. Ukiwapeleka watu 30 ugenini kwa siku 4, na kila mtu akatumia shilingi 40,000 kwa siku kwa chakula na malazi, hiyo ni shilingi 4,800,000 kwa safari moja. Mafuta ya basi hayamo humo. Na sisi wa Nyanda za Juu tuko mbali na kila mtu. Kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam tu ni zaidi ya kilomita 800.

Fedha inatoka wapi? Kiingilio cha mlangoni ni kidogo. Wakiingia watu 2,000 kwa shilingi 3,000 kila mmoja, unapata shilingi 6,000,000, na hapo bado kuna makato. Tena siku ya Yanga au Simba uwanja hujaa, lakini siku nyingine nyasi ni nyingi kuliko watu. Zipo pia fedha za televisheni. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu, yaani TFF, lilitia sahihi mkataba wa miaka 10 na Azam Media, wa shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia sana timu ndogo. Hata hivyo kwa timu nyingi hazitoshi kulipa kila kitu. Pengo linalobaki lazima mtu alizibe. Na anayeziba pengo kila mwezi, huyo mwishowe ndiye mwenye timu, hata kama jina la timu ni la kwenu.

Jambo hili halikuanzia Mbarali. Wazee wa Rungwe wanaikumbuka Tukuyu Stars. Mwaka 1986 timu hiyo ya mji mdogo wenye mvua na migomba, ikiwa mpya katika ligi ya juu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya timu kubwa za Dar es Salaam. Wapenzi wake waliiita Banyambala, yaani wanaume. Haikudumu kileleni. Iringa nao wana Lipuli. Mwaka 2019 Lipuli waliifunga Yanga 2 kwa 0 katika Uwanja wa Samora, wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Azam 1 kwa 0 huko Lindi. Mwaka uliofuata wakashuka daraja.

Mbeya City ni hadithi ya aina nyingine. Iliundwa mwaka 2011, na mwenyewe ni Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza mzunguko mzima wa kwanza bila kufungwa. Mwisho wa ligi ilishika nafasi ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Watu walisafiri kwa mabasi kuifuata mikoani. Baadaye wachezaji wakaondoka. Deus Kaseke akaenda Yanga, Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Mwaka 2023 timu ikashuka, baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo. Ikakaa chini misimu miwili, ikapanda tena mwaka 2025.

Angalia tofauti. Mbeya City ilianguka, lakini ilianguka ikiwa Mbeya, ikainuka ikiwa Mbeya. Halmashauri haiwezi kuhamia Singida. Prisons nao ni timu ya Jeshi la Magereza. Wao msimu wa 2020/21 walichezea Sumbawanga, kisha wakarudi Mbeya. Ihefu haikuwa na kamba ya namna hiyo ya kuifunga nyumbani. Mimi sisemi kwamba aliyeihamisha alivunja sheria. Mwenye mali akifuata taratibu, anaweza kuuza au kuhamisha mali yake. Ninachosema ni kwamba wapenzi wa Mbarali walikuwa na sauti uwanjani, lakini hawakuwa na sauti katika karatasi.

Hata Ulaya jambo hili limetokea. Huko London kulikuwa na klabu iitwayo Wimbledon, iliyoanzishwa mwaka 1889. Mwaka 2003 wenye timu waliihamishia mji wa Milton Keynes, karibu kilomita 90, na baadaye wakabadili jina. Wapenzi walikuwa wamekwisha kuona mambo yanakokwenda. Mwaka 2002 waliunda timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanzia ligi za chini kabisa. Safari hii timu ilikuwa mali ya wapenzi kwa maandishi. Mwaka 2011 walifika ligi ya kulipwa. Mwaka 2020 walirudi kucheza katika mtaa wao wa zamani. Iliwachukua miaka 18!

Hapa kwetu, klabu zilizoanzishwa na wanachama, kama Simba na Yanga, zina kinga. Kanuni za Serikali zinataka wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51, hata akija tajiri. Kwa maneno mengine, katika kila mafungu 100 ya klabu, 51 ni ya wanachama. Kinga hiyo inawahusu wanachama walioandikwa. Mtu anayekuja tu uwanjani na kushangilia siyo mwanachama.

Kwa hiyo kama kijijini kwenu mna timu, ombeni kuiona katiba yake. Sasa mnajua kusoma, basi isomeni wenyewe, msisomewe. Tafuteni mahali panapoeleza mwenye timu ni nani, na nani ana uwezo wa kuiuza, kuihamisha au kubadili jina lake. Kama hapapo, andikeni kwamba mambo hayo matatu yataamuliwa na mkutano mkuu wa wanachama peke yake. Kama timu haijasajiliwa, mwoneni Afisa Michezo wa Wilaya. Atawaelekeza jinsi ya kupeleka maombi kwa Msajili, katika Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Nendeni na katiba, orodha ya wanachama, majina ya viongozi na muhtasari wa mkutano ulioanzisha timu. Muhtasari uonyeshe tarehe, mahali, na idadi ya waliokubali na waliokataa. Mwenyekiti na katibu watie sahihi, na nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji.