Samaki anaonekana, njia haipitiki

Tangu mwaka 2013 kampuni ya Deeper, yenye makao yake Vilnius, Lithuania, inauza sona ya kuvulia samaki, kipira cha plastiki chenye ukubwa wa chungwa dogo na uzito wa gramu mia moja hivi. Mvuvi aliyesimama ukingoni anakifunga kwenye uzi, anakitupa majini, na telefone yake inaanza kuchora kina cha maji, sakafu ya mto na samaki waliopita chini. Garmin ya Marekani ilitoa ya kwake, Striker Cast, mwaka 2020, na Wachina wana Lucky, ya bei nafuu zaidi. Bei zinaanzia chini ya dola 100 na kuvuka 200. Soko lenyewe limesimama juu ya watu wanaovua kwa starehe, wengi wao wa Ulaya na Marekani, ambao mara nyingi wakimpata samaki wanampiga picha na kumrudisha majini.

Je, kuna mteja wa sona hii kati ya Kasongo, Wamaza na Kabambare, mkoani Maniema? Huku samaki ni mboga, ni karo ya watoto, ni mtaji wa mama mchuuzi.

Samaki wa mto Lualaba ni biashara ya zamani. Msafiri Livingstone alipofika Nyangwe, ukingoni mwa mto huo, Machi 1871, alikuta soko kubwa linaloendeshwa na wanawake, na Wagenya wakivuka mto kwa mitumbwi kuleta samaki na vyungu. Wagenya bado wanahesabiwa kuwa mafundi wa mto huu. Upande wa Kabambare kuna Luama, ambao nao unaingia Lualaba. Wanunuzi hawajakosekana: kule Salamabila, karibu na mgodi wa Namoya, dhahabu imekusanya watu wengi wasiolima wala kuvua, na wote wanahitaji kitoweo. Mchuuzi wa samaki wa mto anashindana na ndagala wa Ziwa Tanganyika wanaoingia kutoka upande wa Fizi na Kalemie, na pia na makayabo, ambayo chumvi yake inayaruhusu kusafiri wiki nzima bila kuharibika. Tomson, samaki wa baharini kutoka Namibia, ni shida zaidi kumfikisha, kwa sababu anataka barafu muda wote.

Turudi kwenye kipira. Kinatuma sauti isiyosikika kwa sikio, sauti inapita majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, inagonga kitu na kurudi. Kinachorudisha sauti vizuri zaidi katika mwili wa samaki ni kibofu cha hewa, si nyama. Hapo ndipo mnunuzi wa Maniema anapaswa kusimama kidogo. Kambale, samaki anayebeba sehemu kubwa ya biashara ya kukaushwa kwa moshi, ana kibofu kidogo sana, anapumua hewa ya juu, na mchana anapenda kulala kwa tumbo kwenye matope. Kwenye kioo cha telefone anafanana na sakafu aliyolalia. Utamlipa mtu wa Vilnius dola zako, na samaki unayemuuza ndiye asiyeonekana vizuri.

Halafu kuna mto wenyewe. Kipira kinawasiliana na telefone kwa mawimbi yake chenyewe, bila intaneti wala kifurushi, na hilo ni jema kwa vijiji visivyo na mtandao. Lakini mawasiliano hayo yanafika mita 100 kwenye uwazi kwa aina nzuri, na Garmin inataja 60. Lualaba upana wake ni mamia ya mita. Mkondo nao unakisukuma kipira, kwa hiyo kinasoma mahali pengine kabisa na pale ulipokusudia, na penye maji ya povu, kama chini ya maporomoko, vipovu vya hewa vinajaza kioo madoa ambayo si samaki. Ziwani mambo ni tofauti. Miaka ya 1990 mradi wa FAO kwenye Ziwa Tanganyika ulitumia meli ya utafiti Tanganyika Explorer na sona kubwa kukadiria wingi wa ndagala na mikebuka, na Ziwa Viktoria vipimo vya namna hiyo vinafanyika tangu mwishoni mwa miaka hiyo. Samaki wa makundi, maji yenye kina, hakuna mkondo wa mto: sauti inafanya kazi yake.

Hata tukisamehe hayo yote, hesabu bado ni ngumu. Tuseme sona ya dola 200 inamwongezea mvuvi faida ya dola moja kila siku anayokwenda mtoni. Anahitaji siku 200 za kuvua kurudisha fedha tu, na betri ya ndani haikutengenezwa ibadilishwe na fundi wa sokoni. Kwa fedha hiyo hiyo ananunua nyavu za nailoni, ndoano na chumvi, vitu anavyojua tayari namna ya kuvitumia.

Tena hasara kubwa ya biashara hii haitokei majini. Inatokea baada ya samaki kutoka. Kasongo iko kama kilomita 240 kutoka Kindu, na mvua ikishika, barabara ya udongo inakuwa tope. Reli iliyojengwa na kampuni ya CFL kati ya Kindu na Kongolo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kukwepa maporomoko ya mto, inapita ng'ambo ya magharibi. Mizigo mingi inabebwa na pikipiki na wakumbakumba, vijana wanaosukuma baiskeli zenye shehena safari za siku nyingi, wakilipa kwenye kila kizuizi. Samaki mbichi hawezi safari hiyo. Ndiyo maana anakaushwa, na kukausha kunakula kuni, saa za mama aliye kwenye moshi, na sehemu ya uzito. Mvuvi akipata samaki mara mbili siku moja na wanunuzi ni wale wale, bei inashuka jioni ile ile. Kwa maoni yangu anayetaka kutia dola 200 katika samaki wa Wamaza azitie kwenye tanuri bora la kukaushia au kwenye chumvi ya jumla, kabla ya kufikiria kipira.

Kuna sehemu moja ninapoikubali sona, nayo haihusu samaki. Aina zenye GPS ndani zinachora ramani ya kina: utupe, uvute polepole, na telefone inahifadhi mahali palipo na shimo na mahali palipo na mchanga. Kiangazi, maji yanaposhuka, mafungu ya mchanga yanahama, na mwenye mtumbwi wa injini anayepakia mihogo na watu anapoteza mafuta, wakati mwingine propela, kwa kukwama. Wazee wanapima kwa upondo na wanasoma rangi ya maji, na wanasoma vizuri, ila wanajua kipande chao cha mto. Chama cha wenye mitumbwi kikichanga kununua kipira kimoja, kikapima kivuko na bandari ndogo mwanzo wa kila kiangazi, gharama inagawanyika na faida inaonekana kwenye mafuta. Wafugaji wa samaki wanaweza pia kukiazima kupima bwawa kubwa, ingawa kwa bwawa la kawaida kijiti kinatosha.

Atakayeagiza kwa wafanyabiashara wa Bukavu au Goma aulize kwanza kama programu inakubali telefone aliyo nayo, kwa sababu telefone za zamani hukataliwa. Kipira cha Deeper kinajiwasha kikigusa maji, basi beseni moja dukani linatosha kuhakikisha kwamba kinawaka na kinaonana na telefone. Kina hakitaonekana kwenye beseni, kwani aina nyingi haziwezi kusoma maji ya chini ya nusu mita, na hiyo si sababu ya kukirudisha. Chaji ya aina za kawaida ni ya saa tano au sita. Asiye na sola nyumbani ahesabu pia malipo ya kibanda cha kuchajia.