Maji Safi Si Hoja, Hoja ni Maji Salama

Katika miji ya Busia na Malaba, ambako malori ya kwenda Uganda hupanga foleni na wasafiri hulala njiani, mchuuzi wa maji hana wakati wa mjadala. Mwulize kuhusu maji yake, naye atakujibu kwa neno moja tu: "Safi." Wala hasemi uongo. Neno hilo, tulilolipata kwa Waarabu, hueleza kitu kisicho na takataka, kitu kinachong'aa. Lakini viini vya kipindupindu havionekani kwa macho. Tunalolihitaji ni neno jingine la asili iyo hiyo: salama.

Tofauti hii si mchezo wa wanaisimu. Watafiti, miongoni mwao Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, walizichunguza chemchemi zipatazo 200 katika eneo la Busia. Chemchemi zilipojengewa saruji, uchafu wa kinyesi katika maji yake ulipungua kwa thuluthi mbili hivi. Katika mitungi ya nyumbani, hata hivyo, ulipungua kwa takriban robo tu. Maji yalitoka chemchemini yakiwa afadhali, yakaharibikia njiani na jikoni: mtungini, katika kata, na katika mikono isiyonawiwa.

Ndipo ilipozuka haja ya klorini, ambayo huendelea kuyalinda maji hata baada ya kutekwa. Swali likawa: mfumo upi uchaguliwe? Wa kwanza ni chupa inayouzwa dukani, kila mtu ajinunulie. Wa pili ni tangi dogo lililosimamishwa penye maji. Mtekaji hugeuza kidude, mililita 3 zikaingia katika mtungi wa lita 20, bila malipo. Chupa ilinunuliwa na wachache. Tangi lilipowekwa, zaidi ya nusu ya jamaa walilitumia. Halikuhitaji kipimo wala kumbukumbu. Liliwangoja pale pale, mbele ya macho ya majirani, na mwendo wa kurudi nyumbani ukaipa klorini nafasi ya kufanya kazi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba klorini hii inaweza kutengenezwa kwa chumvi ya kawaida. Pitisha umeme katika maji ya chumvi, nawe utaipata. Tajiri mwenye kidimbwi cha kuogelea hununua mtambo wa namna hiyo, na kabla ya kuununua huuliza maswali mengi: kidimbwi kinachukua lita ngapi? Mtambo utafanya kazi saa ngapi kwa siku? Nani atausafisha? Maji ya kuogea yanapata uangalifu huo, na ya kunywa je? Shule au zahanati inayotaka mtambo kama huo inapaswa kuuliza maswali yayo hayo, na kuongeza moja: umeme ukipotea, itakuwaje?

Hata hivyo, mtambo bora unaweza kushindwa na neno baya. Wengi huiita klorini "dawa ya maji". Nilipomwuliza mama mmoja kisimani kwa nini aliipita, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, kwangu hakuna mgonjwa. Dawa ya nini?" Sikuwa na jibu. Katika lugha yetu dawa humfuata mgonjwa, mzima haitafuti. Laiti tungaliiita "kinga ya maji" tangu mwanzo, huenda mama yule angaligeuza kile kidude.

Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi, kazi hii ni yetu. Tunaporudia darasani kwamba kinga ni bora kuliko tiba, tuwaulize watoto: je, maji haya ni safi, ama ni salama? Atakayeijua tofauti hiyo atakwenda nayo nyumbani, mtungi ukiwa kichwani.