Mgonjwa wa Malaria na Karatasi ya Damu

Mwezi uliopita mzee mmoja aliletwa hapa zahanati na kijana wake. Jana yake alipimwa katika hospitali ya wilaya, akaonekana ana malaria. Alipewa dawa ya mseto pamoja na karatasi ya majibu. Kijana aliisoma karatasi ile. Chembe sahani: 70,000. Pembeni imeandikwa zisipungue 150,000. Basi nyumbani ikawa kama msiba.

"Mwanangu," mzee aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "nasikia damu yangu imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Tuelezane.

Ndani ya damu mna chembe za namna tatu. Nyekundu hubeba hewa safi. Nyeupe hupigana na magonjwa. Chembe sahani huzuia damu isimwagike. Ukijikata na jembe, damu hutoka, kisha hukoma. Chembe sahani zimekimbilia pale na kushikamana, kama udongo unaoziba tundu la ukuta.

Mtu akiugua malaria, chembe hizi hupungua. Nyingine huharibika. Nyingine huzuiliwa ndani ya bandama, ambayo huvimba wakati wa malaria. Jambo hili huwapata wagonjwa wengi, na wengi wao hawatokwi na damu hata tone. Dawa yake ni kuitibu malaria yenyewe. Ndani ya mifupa chembe mpya hutengenezwa kila siku, na malaria ikipona huongezeka tena, mara nyingi kwa wiki moja au mbili.

Nikamwuliza mzee: dawa ya malaria umemeza mara ngapi? Mara mbili. Na ya leo asubuhi? Hakumeza. Kijana alikuwa amesikia kwamba dawa kali humaliza damu, akaiweka mfukoni. Kichwa kilipomwuma baba yake usiku, alimpa aspirini ya dukani.

Hapo ndipo nilipoogopa. Aspirini huzifanya chembe sahani zishindwe kushikamana. Mtu ambaye chembe zake ni chache, ukampa aspirini, umemnyang'anya hata hizo zilizobaki. Mwenye malaria apewe parasetamoli.

Nilimtazama fizi na ngozi, nikamwuliza habari za choo. Hakuna damu. Lakini mgonjwa akitokwa na damu puani au kwenye fizi, akiwa na madoa madogo mekundu mwilini, akipata choo cheusi kama lami, au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje kukuche.

Na kama kipimo hakionyeshi malaria, nazo chembe ni chache, huenda ni homa ya dengue, iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Hiyo nayo haitaki aspirini.

Mzee alikunywa uji, akameza dawa mbele yangu. Mseto humezwa mara sita kwa siku tatu, naye akamaliza zote. Aspirini nilizichukua. Baada ya wiki mbili alipimwa tena: 210,000. Sasa kila akipita hapa anadai nimrudishie vidonge vyake, kwa kuwa vilinunuliwa kwa fedha.