Mpe Mtoto Tuta Lake

Leo tuzungumze juu ya vilabu vya 4-K, na hasa jambo moja linaloviua. Jambo lenyewe haliko shuleni, liko nyumbani kwetu.

Wengi wenu mnavikumbuka: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilianza mwaka 1962, baadaye vikafifia, na mwaka 2021 serikali ikavifufua mashuleni. Mfano wake ulitoka Marekani, kwenye vilabu vya 4-H. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, wazee wengi hawakutaka kusikia habari ya mbegu bora na ukulima mpya. Basi wataalamu wakawaendea watoto, kila mmoja akalima kipande chake. Baba akiona mahindi ya mwanawe yameyashinda yake, hakuhitaji kuhubiriwa. Mwaka 1910 mwalimu Marie Cromer wa South Carolina alianzisha klabu ya nyanya ya wasichana. Kila msichana alilima sehemu ya kumi ya eka, nyanya akazitia makoponi kuuza, na faida ikawa yake.

Yake! Hapo ndipo sisi tunapoteleza.

Mahali fulani nilipofanya kazi, kijana wa darasa la sita alitunza sukuma wiki miezi mitatu, akiteka maji kila atokapo shule. Siku moja akakuta baba yake amechuma yote, hata vilele, akapeleka sokoni. Senti moja hakumpa. Nilipopita tena, tuta lilikuwa magugu matupu. Na baba mtu akaniuliza, eti kwa nini vijana wa siku hizi hawapendi jembe. Mtoto alikuwa amesimama pale pale. Nilinyamaza, na mpaka leo najuta.

Sasa, tuta lenyewe si kubwa. Upana mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo; urefu mita 5. Mtoto alime vizuri, achanganye madebe mawili ya samadi iliyooza. Miche ikae kitaluni wiki 4 hadi 6, kisha aihamishe jioni jua likipoa. Mistari miwili, sentimita 60 kati yake, na sentimita 45 toka mche hadi mche. Ataweka kama miche 22. Afunike udongo kwa nyasi kavu, maana kuteka maji si mchezo. Akianza kuchuma, achukue majani ya chini tu na kuacha kilele.

Halafu awe na daftari. Samadi umempa wewe? Aiandike kuwa deni, akulipe akiuza. Akikwama, mwalimu wa klabu amwite afisa wa kilimo wa wadi. Kumtembelea mtoto huyo ni kazi yetu kama ilivyo kukutembelea wewe.

Na mama akitaka mboga ya jioni kutoka tuta hilo, anunue. Ndiyo, anunue, hata kama ni kwa shilingi kumi.