Dawa Ikishamezwa, Safari Inaendelea

Mtu akimeza kapsuli ya antibiotiki ya amoksilini, sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka na mkojo ikiwa bado na makali yake. Kutoka chooni huingia shimoni au kwenye bomba la majitaka, na masika yakishika kasi, wapo wanaotapisha vyoo ili mvua ibebe kila kitu. Mimi ni mfamasia. Duka langu liko Vingunguti, Dar es Salaam, na maji ya mtaa wetu yote huelekea Mto Msimbazi.

Mto huu huanzia vilima vya Pugu na kumwaga baharini karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea majitaka ya majumbani, ya machinjio na ya mabanda ya kuku ambako antibiotiki ya unga huchanganywa kwenye maji ya kunywa hata kama kuku hawaumwi. Bondeni humo humo watu hulima mchicha na matembele, na watoto huchezea maji.

Tatizo si letu peke yetu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima mito katika nchi 72: antibiotiki zilikutwa katika asilimia 65 ya maeneo 711. Huko Bangladesh, metronidazo, ambayo wateja wangu huiita Flajili, ilizidi kiwango salama mara 300 katika eneo moja. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizovuka viwango hivyo kwa mbali.

Madhara huanza na mto wenyewe. Mto hujisafisha kwa kazi ya bakteria wanaovunja uchafu na kugeuza amonia kuwa nitrati. Antibiotiki haibagui, huwadhoofisha hao pia, na uchafu hukaa muda mrefu zaidi. Amoksilini huvunjika mapema, lakini siprofloksasini hung'ang'ania kwenye tope. Kwa kuwa dozi ya mtoni ni ndogo, haiui bakteria wote. Wanaobaki ni wale wanaoimudu, nao huwapa bakteria wengine, hata wa jamii tofauti, vinasaba vya usugu. Bakteria hao wakirudi kwetu kwa maji au kachumbari, dawa niliyonayo kwenye rafu haifui dafu. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Kinga ya kwanza iko dukani. Kijana huja na mafua na kusema, "Dokta, nipe zile za rangi mbili, nne tu." Namjibu, "Mdogo wangu, mafua ni virusi, hizo hazitakusaidia. Kunywa maji mengi, pumzika, na homa ikizidi siku tatu nenda kituo cha afya ukapimwe." Wengine hununa. Lakini kapsuli isiyomezwa bure haifiki mtoni. Dawa zilizobaki nyumbani au zilizoisha muda zisitupwe chooni. Zirudishe kwa mfamasia, nasi tuziweke kando hadi ziteketezwe kwa utaratibu. Mfugaji naye ampigie daktari wa mifugo kabla ya kufungua pakiti, na usafi wa banda na chanjo vitangulie dawa.

Kinga ya pili iko kwenye majitaka. Mabwawa ya kusafishia yakipewa nafasi na muda, jua na vijidudu hupunguza baadhi ya dawa, ingawa si zote. Uswisi, tangu 2016, sheria inataka mitambo mikubwa iongeze hatua ya ozoni au kaboni. Kwetu, kuunganisha nyumba nyingi zaidi na mfumo wa majitaka kungekuwa hatua kubwa.

Kinga ya tatu ni viwandani. Mwaka 2007 watafiti walikuta majitaka ya viwanda vya dawa huko Patancheru, India, yakiwa na siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, nyingi kuliko inayokuwa kwenye damu ya mgonjwa anayetibiwa. Septemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu majitaka ya viwanda vya antibiotiki. Norwei tayari hupima suala la mazingira inaponunua dawa za hospitali. Bohari yetu ya Dawa nayo inanunua kwa wingi. Iweke sharti hilo kwenye zabuni. Muuzaji anayetaka soko letu athibitishe kwanza kwamba mto ulio jirani na kiwanda chake uko salama.